Mava ya Ndege Jangwani

Sisi tuliozaliwa na kulelewa pwani, ambako msumari uliopigwa ukutani Mfungo Sita huwa umekwisha kuvaa kutu kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, hatuna haja ya kuelezwa na mtaalamu yeyote kwamba hewa ni mla vyuma. Twaijua chumvi ya bahari na hila zake. Twaiona katika baiskeli zilizoachwa barazani, katika makufuli ya maduka ya Mji wa Kale wa Mombasa, katika mabati ya mapaa na bawaba za madirisha, na tumezoea kuukadiria umri wa kila chombo cha chuma kwa kutazama ni kiasi gani kimekwisha kuliwa. Kwa hiyo, siku nilipofika katika jangwa la Sonora, kusini mwa jimbo la Arizona huko Marekani, nikasimama chini ya bawa la ndege niliyoambiwa kuwa haijaruka kwa miaka mingi, na nikaziona ribiti zake zikimeta kama zilizopigwa jana, nilishikwa na mshangao ambao kwa mtu wa bara huenda ungekuwa mdogo, lakini kwangu mimi ulikuwa sawa na kumkuta maiti aliyelala mwaka mzima bila ya kubadilika rangi.

Mahali penyewe huitwa Pinal Airpark. Pako kiasi cha kilomita 50 kaskazini-magharibi ya mji wa Tucson, karibu na Marana, si mbali na barabara kuu iendayo Phoenix, na mtu ajaye kutoka upande huo huanza kuona mikia kabla ya kuona kitu kingine chochote: safu baada ya safu ya mikia iliyochomoza juu ya vichaka, mfano wa matanga ya majahazi yaliyokimbilia bandarini wakati wa kusi kali. Pande zote ni nchi tambarare ya rangi ya vumbi, yenye milima mikavu iliyojitenga mbalimbali, na kila penye kiinuko kidogo husimama yale mapungate makubwa waitayo saguaro, yaliyonyosha mikono juu kama watu waombao dua ya mvua.

Aliyenipeleka ni mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, ambaye anasomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Arizona, na ambaye alikuwa amekwisha kutuombea ruhusa majuma kadhaa kabla ya safari yangu, kwani sehemu kubwa ya kiwanja kile i mikononi mwa makampuni yanayozitunza ndege na kuzivunja, na mgeni hawezi kuingia apendavyo.

“Mjomba,” aliniambia tulipoiacha barabara kuu, “nakuomba jambo moja. Usitaje neno makaburi mbele ya mafundi. Hawalipendi.”

“Kwa nini, mwanangu?”

“Kwa sababu nyingi kati ya ndege hizo hazikufa. Zimelala.”

Nilinyamaza, nikaliweka neno lake moyoni, ila sikukubaliana nalo papo hapo. Watu wa magazeti na wasafiri wa dunia nzima hupaita mahali kama hapa makaburi ya ndege, na mimi mwenyewe tangu Mombasa nilikuwa nimekwisha kulichagua neno letu la zamani, mava, kuwa ndilo litakalosimama juu ya makala hii.

Kiwanja hiki kilijengwa mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu vya Pili, ili kuwafundishia marubani wa jeshi la Marekani, na baada ya hapo kikapitia mikono mingi, ikiwemo ya makampuni ya usafiri wa anga yaliyokuwa yakitumikia shughuli za siri za shirika la ujasusi la nchi ile, mambo ambayo sasa yamekwisha kuandikwa katika vitabu vya tarehe na hayahitaji kunichelewesha. Fikra yenyewe ya kuzihifadhi ndege jangwani ilitokana na vita hivyohivyo. Vilipokwisha, Marekani ilijikuta ina makumi ya maelfu ya ndege zisizo na adui wa kupigana naye. Huko Kingman, kaskazini-magharibi ya jimbo hilihili, zaidi ya ndege 5,000 zilikusanywa, na nyingi mno kati yao zikakatwa na kuyeyushwa kuwa vipande vya alumini. Mwaka 1946 jeshi likachagua kiwanja cha Davis-Monthan, palepale Tucson, kiwe ghala la ndege zilizobakizwa, nacho hadi leo kimejaa ndege za kivita katika eneo la ekari zipatazo 2,600. Wenye ndege za abiria walifuata nyayo hizo. Kuna Mojave na Victorville katika California, kuna Roswell katika New Mexico, kuna Teruel nchini Hispania na Alice Springs katikati ya Australia. Na ukizitazama zote katika ramani, utaona kwamba kilichoziunganisha si taifa wala lugha, bali ni ukame.

Maana chuma cha ndege, ambacho sehemu yake kubwa ni alumini, hakiogopi jua kama kinavyoogopa unyevu. Tucson hupata kiasi cha milimita 300 za mvua kwa mwaka mzima, ilhali Mombasa hupata zaidi ya 1,000, na hapo hatujaihesabu chumvi ya bahari ambayo kwetu huelea katika hewa usiku na mchana. Fauka ya hayo, udongo wa jangwa lile umeshikamana kwa chokaa hata ukawa mgumu mfano wa sakafu, hivi kwamba chombo kizito huweza kuegeshwa juu yake bila ya kutandikiwa saruji. Mungu akipenda, ndege iliyoachwa pale kwa utaratibu mwema hudumu. Iliyoachwa kando ya bahari yetu, hata ingelindwa na askari mia, ingeliwa.

Aliyetupokea langoni alikuwa fundi wa makamo, mtu mwenye asili ya Meksiko, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo madogo ya mtu aliyeishi na bisibisi tangu ujanani. Alitupa kofia na fulana za rangi kali, akatuonya tusiguse kitu, kisha akatutangulia kwa miguu bila ya haraka, kama imamu anayewaongoza wageni katika msikiti wa kale.

Ndani ya uzio kulikuwa na ukimya wa aina ambayo sikuwahi kuisikia katika kiwanja cha ndege. Hapakuwa na honi, wala tangazo, wala mngurumo. Palikuwa na upepo tu, na mahali fulani, katika kiwiliwili kilichokwisha kung’olewa milango, kipande cha bati kilichokuwa kikigongagonga pole pole, kinyamaze, kisha kigonge tena. Tulipita chini ya ndege aina ya Boeing 747, ambayo bawa lake na bawa lake hutandaa zaidi ya mita 64, na mkia wake hufikia kimo cha nyumba ya ghorofa sita. Mtu huziona ndege hizi kila mara kupitia dirisha la chumba cha abiria au kutoka juu ya ngazi, na kwa hiyo hajui ukubwa wake. Ukubwa wake huujua akisimama mchangani, peke yake, karibu na gurudumu lililomzidi kimo cha kifua.

Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa karatasi ya kung’aa, ili jua lisivichome viti na mitambo iliyomo ndani. Vinywa vya injini vilifungwa kwa mifuniko. Kila tundu, kubwa kwa dogo, lilipakwa utando mweupe unaokauka na kuwa kama ngozi. Mafuta yalikuwa yametolewa, vyuma vya miguu vimepakwa grisi, magurudumu yamefunikwa, na ndani ya injini, alivyotueleza fundi, huwekwa vifuko vya chembe ziwezazo kunyonya unyevu wowote uliojificha. Baada ya kila muda uliowekwa, mtu huja akayasogeza magurudumu kidogo, yasije yakakaa upande mmoja yakapoteza umbo. Na kila penye mfuniko uliofichika kulining’inia utepe mwekundu, ili siku ya kuamshwa kwa chombo usisahauliwe hata mmoja.

Nilipokuwa nikiyatazama hayo, sikuweza kujizuia kukumbuka namna tunavyomwandaa marehemu wetu: kuoshwa, kuzibwa pamba, kuvishwa sanda nyeupe. Nikamwambia mpwa wangu. Alitikisa kichwa kwa upole.

“Yule huzibwa kwa kuwa haamki, Mjomba. Hii huzibwa ili iamke.”

Na katika jambo hili ilinilazimu nimpe haki yake. Wakati wa maradhi ya korona, katika mwaka 2020, zaidi ya nusu ya ndege za abiria za dunia zilisimamishwa ndani ya majuma machache tu, na viwanja vya jangwani vikajaa hata ikabidi ndege zibananishwe bawa kwa bawa. Walikuwapo walioandika kwamba zile kubwa kabisa, Airbus A380, hazitapaa tena. Lakini shirika la Lufthansa, ambalo lilikuwa limezilaza ndege zake za aina hiyo Hispania na Ufaransa, lilianza kuzirudisha kazini mwaka 2023, zikavuliwa sanda zao, zikajazwa mafuta, zikaruka.

Ndege wa kweli, wale wenye manyoya, ndio adui mkubwa wa ndege hizi wakati zimelala, kwani huona katika kila tundu lililosahauliwa mahali pema pa kujengea kiota. Fundi alipotuonyesha kimoja, kimesukwa kwa nyasi kavu na nyuzi za maturubai katika kona ya mguu wa chombo, nilifikiri jinsi lugha yetu ilivyoamua tangu zamani, pengine kwa kuchoshwa na neno lile la kuazima, eropleni, kuviita viumbe viwili hivi kwa jina moja, ikaacha sarufi peke yake itenganishe: ndege ameruka, ndege imeruka. Yule ana roho, hii haina. Herufi moja au mbili tu mwanzoni mwa kitendo, na ndani yake mna mpaka wote uliopo baina ya aliye hai na kisicho hai. Nilimweleza mpwa wangu fikra hii, akacheka kwa furaha, akaniambia kuwa fundi wetu, kwa Kiingereza chake, huzitaja ndege zote kama kwamba ni wanawake.

Lakini si zote zitakazoamka. Upande wa mashariki wa kiwanja, nyuma ya zile zilizofunikwa kwa adabu, zilikuwapo nyingine zilizokwisha kupoteza injini, na kwa kuwa injini ni uzito mkubwa, mabawa yake yalikuwa yameinuka kidogo kuliko kawaida, mithili ya mabega ya mtu aliyetuliwa mzigo. Hapo ndipo nilipomuuliza fundi swali ambalo nilikuwa nimelichukua tangu nyumbani: Ndege hufa kwa ugonjwa gani? Akasimama. Akanijibu kwamba katika miaka yake yote pale hajaiona hata moja iliyokufa kwa uzee. Zote, alisema, zimeuawa na hesabu.

Ili msomaji aelewe kauli hiyo, ni lazima kwanza ajue kwamba ndege haihesabiwi umri kwa miaka tu kama mwanadamu, wala kwa masafa tu kama gari, bali zaidi kwa idadi ya mara ilizopaa na kutua. Kila ipandapo juu, hewa hushindiliwa ndani ili abiria waweze kuvuta pumzi, na kiwiliwili chote hutanuka kwa kiasi kisichoonekana. Kila ishukapo, hunywea. Kutanuka huko na kunywea huko, kwa maelfu ya mara, hukichosha chuma, kama vile bati linavyochoka likikunjwa na kukunjuliwa, mpaka siku moja hupata ufa mdogo kuliko unywele.

Elimu hii haikupatikana kwa bei rahisi, na sisi wa Afrika ya Mashariki tulikuwapo karibu ilipoanza kununuliwa. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya kwanza ya jeti katika dunia kuchukua abiria wa kulipa nauli, Comet ya Waingereza, iliondoka London kwenda Johannesburg, na katika vituo vyake njiani kimojawapo kilikuwa Entebbe. Watu waliosimama pale kando ya Ziwa Nyanza wakaitazama ikishuka walikuwa wakitazama zama mpya. Haikutimia miaka miwili, Comet moja ikapasukia angani karibu na kisiwa cha Elba, mwezi wa Januari 1954, na nyingine ikafuata mwezi wa Aprili. Wataalamu wa Farnborough, huko Uingereza, wakachukua ndege nzima ya aina hiyo, wakaizamisha kiwiliwili chake katika tangi kubwa la maji, wakawa wakiishindilia na kuilegeza, kuishindilia na kuilegeza, usiku na mchana, hadi ikapasuka mbele ya macho yao, wakajua kwamba chuma nacho huchoka. Na bado somo hilo halikumalizika: mwaka 1988, katika visiwa vya Hawaii, paa la sehemu ya mbele la ndege ya Boeing 737 liling’oka angani. Ndege hiyo ilikuwa imekwisha kupaa na kutua karibu mara 90,000, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuruka masafa mafupi baina ya kisiwa na kisiwa, tena katika hewa ile ile ya chumvi ninayoijua mimi. Mhudumu mmoja alipotea; wengine wote waliokuwamo waliokolewa na marubani wao.

Kwa sababu ya mafunzo kama hayo, kila baada ya miaka kadhaa ndege hufunguliwa yote, ikakaguliwa mpaka mifupa, kwa gharama ya mamilioni ya dola. Na ni siku hiyo, si siku ya ajali wala ya ugonjwa, ndipo hukumu yake hutolewa. Mwenye ndege, ambaye mara nyingi si shirika lililoandikwa ubavuni bali ni benki au kampuni ya kukodisha iliyo mbali, huketi na kalamu. Huweka upande mmoja gharama za ukaguzi, na upande wa pili bei ya injini zikiuzwa mbalimbali, na miguu, na mitambo ya chumba cha marubani. Upande wa pili ukiwa mzito, ndege hurushwa hadi jangwani, mara nyingi ikiwa nzima kabisa, na rubani aliyeileta hurudi kwao kwa ndege nyingine akiwa abiria.

Hata ujana hauiponyi. Ile A380 ya kwanza kabisa kuchukua abiria, ambayo ilianza kazi baina ya Singapore na Sydney mwezi wa Oktoba 2007 kwa shangwe ya dunia nzima, ilirudishwa kwa wenyewe mwaka 2017, haikupata shirika jingine la kuikodi, ikapelekwa Tarbes, Ufaransa, na kuvunjwa. Ilitumika miaka kumi. Nimeona majahazi ya mikoko na mvule yaliyotumika zaidi ya hapo mara tatu.

Na hiyo 747, ambayo chini ya bawa lake tulikuwa tumesimama, iliuawa na sheria pamoja na bei ya mafuta. Zamani ndege ya injini mbili haikuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya mwendo wa dakika 60 kutoka kiwanja cha kutulia, kwa hiyo bahari kuu zilikuwa milki ya wenye injini tatu na nne. Mwaka 1985 zile za injini mbili zikaanza kuruhusiwa dakika 120, kisha zaidi na zaidi, na injini zenyewe zikawa za kuaminika kuliko zamani. Basi ni nani angeendelea kuzilisha nne? Ndege hiyo, iliyopaa mara ya kwanza tarehe 9 Februari 1969 na kuanza kuchukua abiria wa Pan Am mwezi wa Januari 1970, ilitengenezwa jumla ya 1,574, ya mwisho ikakabidhiwa kwa mwenyewe mwezi wa Januari 2023. Shirika la Delta, lililokuwa la mwisho nchini Marekani kuitumia kwa abiria, liliileta ya kwake ya mwisho hapahapa Pinal, tarehe 3 Januari 2018. Na Pan Am yenyewe? Ilikwisha kufungwa tangu mwaka 1991, ikaziacha ndege zake zikitafuta mabwana wengine.

Kuvunja kwenyewe ni kazi ya taratibu kuliko nilivyodhani. Kwanza huja mafundi wenye vitabu, wakafungua kimoja kimoja vile vitakavyoishi katika ndege nyingine. Na hapa nikajifunza jambo lililonipendeza, nami ni mtu wa pwani niliyekuzwa katika habari za koo na mababu. Kipuri kisichokuwa na nasaba hakina thamani. Sahani ya chuma inayozunguka ndani ya injini, hata ikiwa inang’aa kama kioo, haiwezi kuuzwa mpaka zionyeshwe hati za maisha yake yote: imezaliwa kiwanda gani, imekaa katika ndege zipi, imezunguka mara ngapi, nani aliyeitoa na nani aliyeirudisha. Ukikatika mnyororo huo mahali pamoja, ni chuma chakavu. Baadaye tu, vyenye nasaba vikiisha kutolewa, ndipo huja mtambo wenye taya, ukatafuna kilichobaki kwa siku chache, na alumini ikaenda kwenye tanuri.

Lamu nimewahi kumwona seremala akilivunja jahazi la zamani kwa mwendo huohuo. Alianza na vile vitakavyofaa chombo kingine. Kisha mbao za ubavuni, zilizolowa mafuta ya sifa na maji ya bahari kwa miongo, akaziweka kando kwa ajili ya vitanda na meza. Mwisho ukabaki mkuku peke yake mchangani. Tofauti niliyoiona ni kwamba watu wa mtaa ule walilijua jahazi lile kwa jina, na manahodha wake kwa majina yao, na mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini aliweza kuzitaja safari zake za kwenda Ghuba na kurudi, msimu kwa msimu.

Hapo, nakiri, fikra zangu zilikuwa zimekwisha kuuacha uwanja wa Arizona, zikarudi katika kiwanja cha ndege cha Embakasi, kwenye ule ukumbi wa juu waliokuwa wakisimama watu kuwapungia mikono jamaa zao. Nilikuwa mtoto wa miaka saba. Ami yangu alikuwa akienda London kusoma, na mama alinishika mkono kwa nguvu, si kwa hofu kwamba nitapotea, bali kwa kuwa alikuwa akilia na alihitaji kitu cha kushika. Ndege ilikuwa Super VC10 ya East African Airways, yenye injini nne zilizofungwa nyuma karibu na mkia, na ilipopaa nilidhani sauti ile itanivunja mbavu. Shirika hilo, lililoundwa mwaka 1946, lilikuwa letu sote. Na katika ndege zake tano za aina hiyo, mbili zilisajiliwa kwa alama ya Uganda, mbili kwa alama ya Tanzania na moja kwa alama ya Kenya, kama ndugu waliogawana urithi bila ya kugombana. Moja iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, na watu 43 wakafa. Mwaka 1977 shirika likavunjika, na udugu wetu wa kisiasa ukavunjika mwaka huohuo.

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba zile nne zilizobaki zilikufa pamoja nalo. Sivyo. Zilirudi kwa waliozitengeneza, Uingereza. Jeshi la anga la nchi hiyo likazinunua, likazigeuza kuwa ndege za kubeba mafuta na kuzinywesha nyingine angani, likazipa namba mpya. Zilifanya kazi hiyo kwa miongo, na wenzake wakistaafu mmoja mmoja. Mwezi wa Septemba 2013, VC10 mbili za mwisho kabisa duniani ziliporuka pamoja katika safari yao ya kazi ya mwisho, zote mbili zilikuwa za kwetu: zile mbili zilizowahi kuandikwa 5H-MMT na 5H-MOG, alama ya Tanzania. Ya kwanza kati ya hizo ndiyo iliyoufunga mlango. Siku chache baada ya safari ile ilitua Bruntingthorpe, hukohuko Uingereza, na hapo VC10 zikatoka angani. Shirika lilikuwa kaburini miaka 36, nchi zilizolimiliki zimekwisha kugombana, kupatana na kuunda jumuiya nyingine, na muda wote huo ndege zilikuwa hai, ila hapana mtu wa kwetu aliyekuwa akizitambua, kwani hazikuwa tena na jina.

Nilimsimulia fundi habari hii, na mpwa wangu akaongeza pale ulimi wangu uliposhindwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, badala ya kujibu, alituchukua mpaka ubavuni mwa ndege moja iliyopakwa rangi nyeupe yote, akaelekeza kidole juu ya madirisha. Ndege inapouzwa kwa wavunjaji, alieleza, mashirika mengi hutaka jina lake lifutwe kwanza, kwa kuwa hakuna apendaye jina lake lionekane katika picha ya chombo kilichopasuliwa. Kwa hiyo hupakwa rangi juu yake. Mchana haionekani kitu. Lakini rangi ya zamani ilikuwa nene kuliko ya sasa, na jua likishuka likapiga kwa upande, kingo za herufi huinuka.

Tulisubiri. Jua lilikuwa limekaribia milima, na kivuli cha bawa kikawa kirefu kikaivuka barabara ya vumbi. Polepole, katika weupe ule, ilichomoza mistari myembamba kama mishipa chini ya ngozi. Mpwa wangu alikinga macho kwa mkono, akaanza kuzisoma herufi kwa sauti, moja moja, akikosea na kurudia. Ya kwanza aliidhani P, kisha akaiona ni R. Ya tatu ilikuwa imepasuliwa na mlango uliotolewa.

“Muulize,” nilimwambia kwa Kiswahili, “alikuwa akiitwa nani?”

Alinigeukia. Alikuwa amekisikia kiambishi. Alinitazama kwa kitambo, asinisahihishe, kisha akamgeukia fundi akamuuliza. Fundi alitoa daftari mfukoni, akalifungua, akatusomea namba ya usajili.

“Jina,” mpwa wangu akasema tena.

Fundi aliinua macho, akaziangalia herufi ambazo sasa zilikuwa zikififia, maana jua lilikuwa limekwisha kugusa mlima, akalifunga daftari lake.